Sikumwuliza Baba Mkwe

Baba mkwe wangu alikuja kliniki asubuhi moja ya Jumanne, amevaa koti lake la kanisani. Nilimwona dirishani kabla yeye hajaniona. Alikaa mwisho wa benchi, mbali kidogo na wagonjwa wengine, na kila alipokohoa aligeuza uso ukutani kama mtu anayeomba radhi. Sikuwa nimemwona tangu mavuno. Koti lile, ambalo siku zote lilimbana mabegani, sasa lilimning'inia.

Mimi ni muuguzi. Wakati huo nilikuwa na miaka mitatu katika kliniki ya kifua kikuu mjini Kitale, chumba kimoja chenye madirisha mapana nyuma ya ua wa hospitali, kilichojengwa mbali na vyumba vingine ili hewa ipite. Baba mkwe alitoka Sirisia, upande wa Bungoma. Huko kwao kuna zahanati ambayo ukisimama shambani kwake unaliona paa lake. Aliipita. Akaipita na hospitali ya Bungoma. Akaja mpaka Kitale kwa sababu mimi nilikuwa huko. Mama mkwe aliniambia baadaye alichosema akifunga kamba za viatu siku hiyo: "Kwa wageni wataniangaria mbio mbio. Kure niko na mtoto wangu."

Hivyo ndivyo alivyozungumza, na mara moja moja mama mkwe pia, l akiigeuza r, na mara nyingine r akiigeuza l. Mume wangu, ambaye ni mwalimu, alikuwa akimtania kwa hilo, na mzee akicheka kuliko sote.

Ni lazima nieleze kidogo kuhusu wakwe, la sivyo nitaonekana mjinga tu. Kwetu, mke wa kijana hampi baba mkwe mkono. Haketi naye kiti kimoja, hali mbele yake, haingii chumba anacholala, na wakikutana kwenye njia nyembamba mmoja humpisha mwenzake. Si chuki. Ni heshima, na mtu akikulia ndani yake anaihisi mwilini kama anavyohisi baridi. Katika miaka saba ya ndoa, maneno mengi kati yangu na mzee yule yalipitia kinywa cha mtu wa tatu. Nilimwambia mume wangu, "Mwambie Papa chai iko tayari," na Papa yuko pale pale, anasikia. Naye alijibu, "Mwambie mayi asante," yaani mama kwa lugha ya kwetu. Alinipenda. Nilijua kwa sababu kila tulipokwenda nyumbani alikuwa amenitengea karanga za kwanza za shamba, akazituma kwangu na mama mkwe.

Sasa mtu huyo alikuwa kwenye benchi langu, na hapakuwa na mtu wa tatu.

Nilitoka nje. Nikasimama hatua mbili mbali naye, kama nyumbani.

"Papa, karibu. Umeamkaje?"

"Nimeamka, mayi. Hii kifua ndiyo imekataa kuamka."

Alikuwa amekohoa miezi miwili. Alikuwa amekunywa dawa za kikohozi za dukani, za rangi zote. Jasho la usiku lilimlowesha mpaka mama mkwe akawa anaanika blanketi kila siku. Nilimpa kikopo cha makohozi nikamwonyesha mahali pa kusimama, nje, penye jua. Nilimpima uzito bila kumgusa. Nilimwonyesha mizani kwa mkono naye akapanda mwenyewe. Kisha mume wangu akamchukua akampeleka kulala kwa jamaa wa ukoo wao mtaani, kwa kuwa baba hawezi kulala nyumba ya mwanawe na mkewe wamo.

Majibu yalirudi baada ya siku mbili. Kifua kikuu. Nilifarijika, nakiri. Kifua kikuu nilikijua. Miezi sita ya dawa na mtu anarudi shambani.

Lakini kazi yangu haikuishia kwenye makohozi. Kwa miaka mingi, kupima virusi vya ukimwi na kutibu kifua kikuu zilikuwa kazi za nyumba mbili tofauti. Mgonjwa wetu tulimwandikia kikaratasi, tukamwelekeza kwenye jengo dogo karibu na geti, mahali kila apitaye barabarani alipoweza kuona nani anaingia. Wengi walikiweka kikaratasi mfukoni wakaenda zao. Tuliwatibu kifua, wakapata nafuu kidogo, halafu wakafa na ugonjwa mwingine ambao hakuna aliyekuwa ameutafuta. Basi ikaamuliwa kwamba vipimo viletwe ndani ya chumba chetu, na kila mgonjwa wa TB aulizwe siku ile ile anayoanza dawa. Aulizwe kama anavyopimwa uzito, walituambia kwenye mafunzo. Bila kunong'ona. Dawa zote apewe hapo hapo, na mkono mmoja.

Aliyehamia kwetu na sanduku la vipimo alikuwa mshauri kutoka lile jengo la getini, mama wa Kiislamu aliyekaa mtaa wa karibu na msikiti, mwenye sauti ya taratibu na macho yasiyokwepa. Tuliweka meza zetu mbili zikitazamana. Katika wiki za kwanza niliona mambo ambayo sijayasahau. Alikuja mama mmoja wa Kiminini, mkulima wa zile familia zilizokuja kutoka Mkoa wa Kati zamani kununua mashamba Trans-Nzoia. Alipoambiwa majibu yake alilia mpaka kitambaa kikalowa, halafu akasema, "Afadhali mmeniuliza. Mimi peke yangu singewahi kujiuliza." Leo mama yule ana wajukuu. Nilianza kujivuna. Nilikuwa mzuri wa kuuliza. Nilimwuliza askari, nikamwuliza mhubiri, nikamwuliza mwalimu aliyenifundisha darasa la nne. Mwenzangu alikuwa akisema, "Wewe huna haya, na hiyo ni baraka."

Siku ambayo baba mkwe alirudi kuchukua majibu, mwenzangu alikuwa ameenda stoo kuleta vipimo. Tulikuwa wawili tu chumbani. Nilikaa na meza kati yetu. Nikamweleza dawa: zote pamoja, asubuhi, kabla ya chakula. Nikamweleza kwamba mkojo utakuwa mwekundu kama soda na asishtuke. Hilo la mkojo lenyewe nililisema nikiangalia kalenda. Aliitika kwa kila neno. Kisha nikafungua rejista, ile kubwa, nikajaza jina, umri, kijiji, uzito. Nikafika kwenye safu ya kipimo cha virusi.

Kalamu ilisimama.

Kuna jambo nililolijua, na ndilo linaloniuma zaidi. Mzee alikuwa na mke wa pili, mama mdogo wa Matulo, aliyefariki miaka miwili kabla. Nilikuwa nimekwenda kumwona akiwa mgonjwa. Alikuwa amekonda, na kinywani alikuwa na utando mweupe, na mimi ni muuguzi. Nilitazama, nikaelewa, nikanyamaza. Watu walisema ni nimonia nami nikasema ni nimonia. Kwa hiyo siku ile mezani si kwamba sikujua. Nilikuwa nikijua nusu, na nusu ile ilinitosha kuogopa.

"Papa," nikasema, "kuna swali moja limebaki."

"Uriza tu, mayi. Si ndiyo nimekuja?"

Nilimtazama mikono. Ilikuwa imetulia juu ya magoti, mikono mikubwa ya mtu wa jembe. Nilifikiria maneno niliyowaambia watu mia moja kabla yake. Yote yalikuwa na kitanda ndani yake. Hata yale ya staha, hata yale ya mafunzo, ukiyafunua chini yake unamkuta mtu na mke wake. Ningemwuliza vipi mtu ambaye sijawahi kula mbele yake?

"Nyumbani mnapata maziwa ya kutosha?" nikauliza.

Alionekana kushangaa kidogo. "Maziwa yako. Ire ng'ombe nyeusi imezaa."

"Vizuri. Unywe kila siku."

"Nitakunywa."

Nikaandika kwenye safu ile: *Amekataa.* Sikuiacha wazi kwa sababu safu zilizo wazi msimamizi alikuwa akiziuliza mwisho wa mwezi. Nikaandika neno lile lile kwenye kadi yake, nikampa kwa mikono miwili, akaipokea kwa mikono miwili, akaitia mfuko wa ndani wa koti.

Jioni mwenzangu alipitia rejista. Kidole chake kikakoma.

"Huyu mzee wa Sirisia alikataa?"

"Ndiyo."

"Si ni mkwe wako?"

"Ndiyo."

"Mwezi ujao niachie mimi nimwulize. Mimi si mtu wa nyumba yenu. Kwangu atakuwa mzee kama wazee wengine."

Ulikuwa mlango uliofunguliwa mbele yangu kabisa. Nilichofikiria wakati ule sikukipamba wala sitakipamba leo. Nilifikiria kwamba akimpima, akamkuta nayo, basi mwenzangu atajua. Na akijua yeye, hata kama hatasema, nitakuwa nikikaa mkabala naye kila siku na siri ya nyumba ya mume wangu iko juu ya meza yake. Nikafikiria mama mkwe. Nikafikiria watoto wangu wakiitwa wajukuu wa fulani. Aibu hiyo ilikuwa yangu, haikuwa ya mzee. Yeye hakuwa ameulizwa hata kama anaona aibu.

"Ameshakataa," nikasema. "Tusimsumbue. Ni mtu mzima."

Mwenzangu alifunga rejista.

Mwezi wa kwanza mzee alikuja ana afadhali. Kikohozi kilikuwa kimepungua na alitembea kutoka stendi mpaka kliniki bila kupumzika. Aliniletea mkungu wa ndizi, akauweka mlangoni, akasema kwa sauti kubwa kwa mtu asiyekuwepo, "Mwambie daktari hiyo ni yake." Wagonjwa wakacheka. Nikajiambia, unaona? Kilikuwa kifua tu.

Mwezi wa pili uzito haukuongezeka. Dawa alikuwa anakunywa. Mama mkwe alikuwa akimhesabia. Nilimwambia ale zaidi.

Mwezi wa tatu alikuja amefunga kitambaa kichwani, kimekazwa kwenye paji la uso kama wanavyofunga wanawake wenye homa. Alisema kichwa kinamgonga usiku na mchana. Uzito ulikuwa umeshuka. Nilipomwambia apande mizani alishika ukuta kwanza. Mwenzangu aliinua macho kutoka meza yake, akanitazama, akasubiri. Najua alisubiri. Chumba kilikuwa na wagonjwa wawili wengine, nami nikajipa hiyo kuwa sababu. Nikampa panadol. Niliwahi kumkemea mwanafunzi wa uuguzi kwa kumpa mgonjwa wa namna ile panadol.

Haikupita wiki mbili, mume wangu akanipigia simu kutoka shuleni. "Papa amelazwa Bungoma. Ati anaongea mambo hayaeleweki. Mama anasema shingo imekauka."

Nikakaa chini pale pale, kwenye ngazi ya kliniki.

Tulifika Bungoma siku hiyo hiyo alasiri. Alikuwa wodi ya wanaume, kitanda cha pembeni, na wakati huo kichwa kilikuwa kimemwachia kidogo, alitujua. Mama mkwe alikuwa amekaa miguuni pake, ameshika kikapu chenye chupa ya uji. Mimi nilibaki upande wa pili wa pazia, kama inavyopasa, karibu kiasi cha kusikia.

Akaja muuguzi msichana. Sidhani alikuwa na mwaka mmoja kazini. Alikuwa na trei mkononi, na aliongea kama mtu anayeuliza kama chai iwe na sukari.

"Mzee, shikamoo. Sisi hapa kila mtu ambaye ako na TB tunampima pia virusi vya ukimwi, ndio tumtibu vizuri. Uko sawa nikupime? Ni tone moja tu la damu, kwa kidole."



"Pima," baba mkwe akasema. "Mimi sina shida. Hata kure Kitare mngenipima ningekubari."

"Hawakukuuliza?"

"Hawakuuriza."

Nikasikia karatasi ikifunguliwa. "Lakini, mzee, hapa kwa kadi wameandika ulikataa."

Nilisimama nimeshika kitambaa cha pazia, kitambaa kigumu cha kijani. Mume wangu alikuwa ametoka kununua maji. Upande ule wa pili kulikuwa na mzee, mama mkwe na yule msichana, na wote watatu, nilijua, walikuwa wanaitazama kadi ile. Baba mkwe alijua kusoma. Na alijua mwandiko ule ni wa nani. Chumba chote cha Kitale kilikuwa na mtu mmoja tu aliyemwandikia.

"Basi rabda niriikataa," akasema taratibu. "Mimi ni mzee, mama. Ninasahau."

Msichana akampima.

Nilitoka nikaenda mpaka kwenye bomba la maji nyuma ya wodi, nikafungua maji yakatiririka bure mpaka mwanamke mmoja aliyekuwa akifua akaniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia bado.

Majibu yalikuwa yale niliyokuwa nimeyajua nusu. Homa ya uti wa mgongo aliyokuwa nayo ni ile inayowapata watu ambao kinga yao imekwisha. Daktari alitueleza vizuri, mimi na mume wangu, kwenye ukumbi: kwanza watatibu ubongo, dawa za virusi zitangoja kidogo kwa sababu zikianzishwa haraka zinaweza kumdhuru. "Angekuja mapema," akasema. Hakumlaumu mtu. Ni maneno ambayo hata mimi huwaambia watu.

Siku ya nne alianza kupoteza fahamu mara kwa mara. Siku moja mama mkwe alikuwa ameenda kuoga, mume wangu yuko nje, na wauguzi walikuwa kwa mgonjwa aliyezidiwa upande wa pili. Niliingia nikamkuta ameteleza kwenye mto, shingo imepinda vibaya. Nikasimama hatua mbili mbali naye. Kisha nikasema, "Papa, niruhusu," ingawa hakunisikia, nikamshika. Ilikuwa mara ya kwanza kumgusa katika miaka saba. Alikuwa mwepesi hivi kwamba nilimwinua peke yangu. Nikamlaza sawa, nikafuta mdomo, nikaufunika mwili. Mikono yangu ilijua kazi yake. Haikuwa na haya yoyote. Nilijiuliza haya ile yote ilikuwa imekaa wapi.

Alifariki siku ya tisa, mchana, mvua ikinyesha.

Tulimzika Sirisia, nyuma ya nyumba yake, karibu na zizi. Kwenye mazishi walisema ni kifua. Nilikaa na wake wengine wa boma, kwenye majani, nimejifunga leso. Mzee mmoja wa kanisa alisimama kuwashukuru watu, akamaliza shukrani za majirani na za kwaya, halafu akasema, "Na tumshukuru mke wa kijana wetu, daktari, aliyemtibu baba yake mpaka mwisho. Si ni wachache wako na bahati hiyo?" Watu wakaitika. Wakaniambia nisimame nionekane. Nikasimama.

Mume wangu nilimwambia tukiwa tumerudi Kitale, wiki moja baadaye, watoto wakiwa shuleni. Nilimweleza yote, kuanzia safu ya rejista. Alikuwa anakunja mashati yake, akaendelea kukunja mpaka yakaisha. Ndipo akasema, "Ungeniambia mimi. Ningemwuliza. Ni baba yangu, tungeenda nyuma ya nyumba, nimwulize." Hilo halikuwa limepita kichwani mwangu hata mara moja. Lilikuwa jambo rahisi kama kuvuka barabara. Alilala siku nyingi akiwa ameupa ukuta uso. Hakunipigia kelele. Nadhani kelele ingenisaidia.

Mwenzangu wa mezani sikuhitaji kumweleza mengi. Siku niliyorudi kazini nilimwambia, "Hakukataa." Akasema, "Nilijua." Kisha akasema, "Nami ningemwuliza tu. Uliposema tusimsumbue sikubishana. Nilikuachia kwa heshima." Alijifuta macho kwa ncha ya buibui. Kumbe heshima ilikuwa imetufunga midomo sote wawili.

Kulikuwa bado na mama mkwe. Mtu wa nyumba moja na mgonjwa wa kifua kikuu lazima achunguzwe, na sasa kulikuwa na sababu ya pili. Nilimwendea Sirisia peke yangu. Nilimkuta amekaa kwenye mkeka akipukuchua maharagwe. Nikaketi nikachukua maganda yangu nikaanza kupukuchua naye. Kwa mama mkwe mambo ni mepesi kidogo, tuliweza kuzungumza. Bado nilikaa karibu saa nzima bila kusema.

"Mayi," nikasema mwishowe, "ile kadi ya Papa. Mimi ndiye niliandika. Sikumwuliza."

Hakuacha kupukuchua. "Nilijua siku ile pale wodini. Mzee hakuwa mtu wa kusahau. Alikuwa anakumbuka mpaka siku ng'ombe wa jirani walizaliwa."

"Mbona hukusema kitu?"

"Yeye alishasema."

Nikalia. Aliniacha nilie. Kuku walikuja wakadonoa maharagwe yaliyoruka nje ya mkeka, naye hakuwafukuza.

"Niambie kitu kimoja," akasema. "Kama ungemwuriza siku ya kwanza, angekuwa hai?"

Katika kazi yetu kuna majibu mengi ya swali hilo, na yote ni ya kumtuliza mtu. "Labda, mayi."

"Usiniambie rabda. Rabda ni neno ra kukosesha mtu usingizi. Kama hujui, sema hujui."

"Sijui."

"Basi."

Kisha akakung'uta sketi yake, akanyoosha kidole kuelekea kwangu, kidole cha shahada, kigumu na chenye ufa wa udongo. "Nipime. Si umekuja na hivyo vitu?"

Nilikuwa nimekuja navyo, mkobani. Nilimwuliza kwanza. Nilitamka maneno yote, moja baada ya jingine, hata yale ambayo hakuhitaji kuulizwa tena. Akasikiliza mpaka mwisho kwa subira, akasema ndiyo. Tulisubiri robo saa. Mistari ikawa miwili.

Aliitazama. "Tulikuwa watu watatu kwenye ndoa ile," akasema. "Singebaki nje."

Alianza dawa katika zahanati ile ya paa linaloonekana shambani, na pamoja nazo dawa za kumkinga na kifua kikuu. Miaka imepita. Amenenepa. Anauza mboga siku za soko na kuimba kwenye kwaya ya akina mama, na virusi havionekani kwenye damu yake. Watu wanaoniambia nimemwokoa hawajui yote, na nimeacha kuwasahihisha kila mara, kwa sababu kusahihisha nako kunaweza kuwa njia ya kutafuta kusamehewa.

Mimi bado niko Chest, kama tunavyoiita kliniki yetu ya kifua. Nimeuliza watu wengi sana tangu hapo. Siku hizi vijana hawashtuki. Wengine wananiambia, "Nesi, hiyo si nilipimwa juzi," na tunapima tena, tunaendelea. Wanaonishinda ni wazee. Kila anayeingia na koti kubwa kuliko mwili wake, sauti yangu hushuka kidogo. Namwuliza hata hivyo. Wengi husema ndiyo. Sijapata hata mmoja aliyenitukana, na kila anayesema ndiyo bila shida kuna kitu kinanichoma hapa chini ya mbavu, kwa sababu ilikuwa rahisi kiasi hicho.

Kwetu Sirisia tunakwenda kila likizo. Mwaka huu, siku ya mama mkwe ya kliniki iliangukia tukiwa huko, nikajitolea kwenda naye. Nilikuwa nimeshavaa viatu. Alitoka nje na kitambaa cheupe kichwani na kikapu mkononi, akanitazama mlangoni.

"Wewe baki," akasema. "Huko wananijua, na wananiuriza vizuri. Hiyo safari ni yangu na mzee."

Hakusema kwa ubaya. Nilivua viatu. Nikamtazama akishuka na kijia cha shambani, akipita kaburi bila kusimama, mpaka mahindi yalipomficha. Kisha nikarudi ndani nikaosha vyombo.